Ndege Watagao Mchangani

Ukimwuliza mtoto ye yote mahali ndege atagapo mayai yake, atakujibu upesi, "Hutaga katika kiota, na kiota kipo juu ya mti." Jibu hilo ni la kweli kwa njiwa, kwa kunguru na kwa mnana. Walakini wako ndege wengi wasiojua kusuka majani, wala hawapandi mti wakati wa kutaga. Hao hutaga chini: juu ya mchanga wa mto, juu ya kokoto, au katika nyasi fupi za mbugani. Nyumba yao ni kishimo kidogo ambacho ndege hukifanya kwa kuzungusha kifua chake mchangani, na tandiko lake ni vijiwe vichache tu, na pengine hata hivyo hakuna. Nataka kuwaeleza ninyi wasomaji habari za ndege hao, na habari za kazi ya kuwalinda, ambayo mimi na wenzangu wachache tumeifanya kwa hiari yetu, bila ujira, karibu na kwetu Natta.

Natta iko katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Kusini kwetu upo mto Grumeti. Mto huu hutoka katika nyika za Serengeti, hupita kuelekea magharibi, na mwisho humwaga maji yake katika ziwa Viktoria, kwenye ghuba ya Speke. Tangu mwaka 1994 sehemu kubwa ya nchi iliyo jirani nasi imetengwa kuwa mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, lakini vipo vijito vingi vipitavyo katikati ya mashamba na malisho yetu kabla ya kufika mtoni. Wakati wa masika vijito hivi hujaa, huvuma, na mtu hawezi kuvuka. Wakati wa kiangazi maji hupungua siku kwa siku, hata yakabaki madimbwi tu, moja hapa na jingine kule, na katikati yake mchanga mweupe umelala wazi chini ya jua.

Basi mchanga huo hupendwa na wengi. Wachungaji huteremsha ng'ombe zao wanywe maji. Wanawake huchimba visima vidogo wapate maji safi ya kupikia. Wajengaji huchota mchanga kwa nyumba zao. Wanyama wa mwitu huja usiku. Na wakati huo huo, ndege watagao chini huja kutaga, kwa sababu ndio wakati ambapo mchanga uko wazi nao hautaraji mafuriko. Mchanga ni mmoja, wenyeji ni wengi. Hapo ndipo shauri lilipoanzia.

Kwanza niwajulishe ndege wenyewe. Wa kwanza ana rangi tatu: nyeusi, nyeupe na kijivu. Miguu yake ni mirefu, naye hapendi kunyamaza. Waingereza wamempa jina la mhunzi, maana sauti yake ni kama nyundo ndogo igongwayo juu ya fuawe: tin! tin! tin! Hutaga mayai matatu au manne. Wa pili ni kitwitwi mdogo mwenye mikanda miwili myeusi kifuani, akimbiaye ukingoni mwa maji kama kwamba ana magurudumu. Wa tatu ni chekeamwezi. Huyu ni mkubwa kuliko hao, ana macho makubwa ya manjano, na mchana kutwa husimama kimya kivulini, rangi yake ikifanana na mchanga na majani makavu, hata ukampita karibu usimwone. Lakini jua likiisha kutua, huanza kulia kwa sauti ya kupanda na kushuka, na katika usiku wa mbalamwezi hulia zaidi. Watu wa kale walimpa jina lake kwa haki.

Mbali na maji, katika mbuga, yuko mbuni, ambaye ni mkubwa kuliko ndege wote wa dunia, naye pia hutaga chini. Majike kadha wa kadha hutaga katika kishimo kimoja, kisha dume na jike mmoja hulalia mayai hayo kwa zamu. Jike mwenye rangi ya udongo hulalia mchana, na dume mweusi hulalia usiku. Mpango huu ni wa ajabu, kwa maana mchana adui hamtambui jike, na usiku hamtambui dume.

Mtu aweza kuuliza, "Ndege hawa waishije, ikiwa mayai yao yamewekwa wazi hivi?" Jibu ni kwamba wamepewa silaha tatu. Ya kwanza ni rangi. Yai la kitwitwi na yai la chekeamwezi yana rangi ya mchanga, na juu yake madoa ya kahawia na meusi, hata yakafanana kabisa na kokoto. Ya pili ni hila. Ukikaribia kiota cha kitwitwi, mama yake hujifanya mgonjwa: huburuta bawa chini kana kwamba limevunjika, hulia, huanguka, huinuka, na wewe wamfuata ukidhani utamkamata. Akiisha kukupeleka mbali, huruka mzima kabisa, nawe wabaki umeshangaa. Ya tatu ni ushujaa. Mhunzi hamwogopi mwewe, wala mbwa, wala ng'ombe. Huwarukia vichwani kwa makelele mpaka wageuke njia.

Silaha hizi zawatosha kwa maadui wengi wa zamani, lakini si kwa wote. Kenge hunusa mayai, hana haja ya kuyaona. Mbweha na nguchiro huja usiku. Hata yai la mbuni, ambalo ganda lake ni gumu mno, lina adui yake mwenye akili. Mwaka 1966 Jane Goodall na Hugo van Lawick walieleza jinsi walivyomwona tai mmoja mweupe, hapa katika nchi yetu ya Tanzania, akiokota jiwe kwa mdomo wake na kulitupa juu ya yai la mbuni, akarudia mara nyingi mpaka likapasuka. Wataalamu wa nchi nyingi walistaajabu kusikia kwamba ndege aweza kutumia chombo.

Walakini maadui hao wamekuwako tangu zamani, na ndege wamekuwako pia. Jambo jipya ni kwamba sisi watu tumezidi kuwa wengi, na mifugo yetu imezidi, na nyumba za matofali na mabati zimezidi, nazo zote zataka mchanga na maji. Kwato za ng'ombe mmoja zaweza kuvunja kwa hatua moja kile ambacho kenge angalikitafuta mchana kutwa. Na rangi ile ile ya yai imfichayo adui haimwokoi mbele ya ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hatafuti yai, apita tu.

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa kwetu, ambaye alikuwa amezoea kutembea kando ya kijito wakati wa jioni, alituambia kwamba sauti ya yule mhunzi imepungua. Mahali aliposikia jozi nne au tano zamani, sasa alisikia moja. Akauliza katika baraza ya kijiji kama wako watu ambao wangependa kumsaidia kuangalia mchanga huo katika miezi ya Agosti na Septemba. Hakuahidi posho wala zawadi. Watu walicheka kidogo, maana sisi Wanatta ni watu wa ukoo wa wawindaji na wakulima. Tumezoea kulinda mtama usiliwe na ndege, hatukuzoea kulinda ndege wasiliwe na wengine. Hata hivyo tulisimama sita, wanaume wanne na wanawake wawili. Nami nilikuwa mmoja wao.

Siku ya kwanza nilidhani tutapewa marungu tukafukuze kenge. Sivyo. Mwalimu alitufundisha jambo jingine kabisa, nalo ni kukaa mbali. "Jua la saa sita," alisema, "ni adui mkubwa kuliko kenge. Mchana mama ndege halalii mayai ayatie joto. Husimama juu yake ayatie kivuli. Mkisimama karibu naye, ataondoka, na mayai yatapikwa mchangani mbele ya macho yenu, nanyi mkijiita walinzi." Kwa hiyo tulipewa kanuni nne, nazo ni hizi: tusikaribie kiota zaidi ya hatua thelathini, tusiweke kijiti wala kitambaa penye kiota, kwa maana kunguru ni mwerevu, naye akiona alama mara mbili hujua maana yake, tusifike wakati wa jua kali, na tukae juu ya ukingo, chini ya mkuyu, wala tusishuke kwenye maji, kwa sababu ya mamba.

Basi kazi ilikuwa kuketi na kutazama. Asubuhi walikuja wawili, na jioni wawili. Ng'ombe wakija, mmoja wetu huteremka na kuwaelekeza upande wa pili wa mchanga. Watoto wakija kucheza, huwaita kwetu na kuwaonyesha ndege kwa mbali. Kazi hii ni rahisi kuieleza. Kuifanya si rahisi. Kuketi bila kufanya neno ni jambo gumu kwa mtu aliyezoea jembe, na wapitaji walituuliza kila siku kama tumekwisha kuwa wazee.

Lakini taabu yetu ya kweli haikutoka kwa kenge wala kwa uvivu. Ilitoka kwa watu wenye haki yao. Nitawaeleza watatu.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye ng'ombe wengi. Alipoona tunageuza ng'ombe wake, alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema kwa upole, "Mwanangu, dimbwi hili ndilo lililobaki na maji. Ng'ombe wangu wanywe nini? Manyoya?" Sikuwa na jibu. Nikamwamkia kwa heshima, nikamwomba aketi nasi chini ya mkuyu, nikamwonyesha mhunzi aliyelalia umbali wa hatua arobaini, katikati ya njia ya ng'ombe. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema kwamba alipokuwa mvulana, ng'ombe walikuwa wakinyweshwa katika konde la juu zaidi, penye mwamba, ila mahali hapo pamefukiwa na mchanga wa mafuriko. Akasema, "Mkipafukua, nitawapeleka huko. Msipopafukua, njia yangu ni hii." Tukachukua majembe na karai, tukachimba siku mbili na nusu, hata maji yakatokea. Mzee akatimiza ahadi yake. Tangu siku hiyo nimejua ya kuwa anayewaomba watu waache kitu chao, imempasa naye aje na kitu mkononi.

Wa pili alikuwa mtoto mchungaji, umri wake kama miaka kumi. Huyu alikuwa hodari wa kutafuta mayai kuliko kenge. Alikuwa akiyaokota, akiyafukia katika majivu ya moto, na kuyala. Mmoja wetu alipomkemea, alijibu bila hofu, "Nyumbani tunakula jioni. Mchana mimi nala ninachokiona." Maneno hayo yalitunyamazisha. Haifai kumfundisha mtoto mwenye njaa wema wa ndege. Tulipatana kwamba kila ajaye kwenye zamu alete kiazi kimoja au donge la ugali zaidi ya chakula chake. Mtoto akala pamoja nasi, na kabla juma halijaisha akatuonyesha viota viwili ambavyo sisi sote, pamoja na mwalimu, tulikuwa hatujaviona. Akawa mlinzi wa saba. Macho yake yalikuwa yale yale. Kazi yao ndiyo iliyogeuka.

Wa tatu alikuwa kijana mwenye mkokoteni wa ng'ombe, ambaye huchota mchanga na kuwauzia wajengaji. Shauri lake lilikuwa gumu kuliko yote, na siwezi kuwaambia kwamba tulilimaliza. Mchanga mzuri ulikuwa pale pale penye viota. Tulimwomba achote penye kona ya chini. Akatuonyesha hesabu yake: kona ile ni mbali, na badala ya safari nne kwa siku atapata tatu. Fedha ya safari ile ya nne ilikuwa ndiyo ya sare na madaftari ya watoto wake. Tulimwambia tutamsaidia kupakia, ili upesi wa kupakia ulipe urefu wa njia. Akakubali kwa kiangazi hicho. Lakini alisema waziwazi, "Mimi sina chuki na ndege. Siku mtakapochoka kupakia, nitarudi hapa." Nasi tulimsikia, tukamheshimu kwa kusema kweli. Kila mwaka imetupasa kupatana naye upya, na kila mwaka migongo yetu yauma.

Sasa niwaeleze jambo moja zuri. Katika mwezi wa Septemba, jozi moja ya chekeamwezi ilitaga mayai mawili juu ya mchanga ulioinuka, na karibu na hapo palikuwa na mahali ambapo mamba jike alikuwa amefukia mayai yake. Mimi nilidhani ndege hawa wamepotewa na akili, kutaga mlangoni pa mamba. Mwalimu akacheka. Akatueleza kwamba jambo hili limeonekana katika mito mingi ya Afrika: chekeamwezi hupenda kutaga karibu na mamba, na wote wawili hupata faida. Kenge akija kutafuta mayai, ndege humwona kwanza, hupiga makelele, na mamba hutoka majini kuja kutazama. Ndege ana macho na sauti. Mamba ana meno. Kenge hukimbia.

Tulilitazama hilo kwa macho yetu. Jioni moja, jua likiwa limekwisha kushuka nyuma ya miti, kenge mkubwa alitoka majanini akitoa ulimi wake nje na kuurudisha. Chekeamwezi wote wawili wakasimama, wakatandaza mabawa wazi ili waonekane wakubwa, wakalia. Maji ya dimbwi yakatikisika. Hatukuona mamba mzima, tuliona macho mawili na mstari wa mgongo ukisogea kwa utulivu kuelekea mchangani. Kenge naye aliona. Aligeuka akaenda zake kwa haraka, mkia wake ukichora mchanga. Hakuna aliyesema neno chini ya mkuyu kwa muda mrefu. Kisha yule mtoto mchungaji akasema, "Kumbe na wao wana zamu."

Mayai ya chekeamwezi hulaliwa kama majuma matatu na nusu. Siku yalipoanguliwa, hatukuona mengi: mama aliondoka mahali pake, akatembea polepole, na nyuma yake vitu viwili vidogo kama mafundo ya sufi vilifuata. Vifaranga wa ndege hawa hawangoji kulishwa kiotani kama vifaranga wa njiwa. Wakiisha kukauka tu, hufuata wazazi, na mzazi akipiga kelele ya hatari hujilaza chini wasitikisike, hata uweze kuwakanyaga. Kwa hiyo siku zilizofuata zilikuwa za kulinda zaidi kuliko za kwanza. Wale wawili walikua wakaruka.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwaeleza mazuri peke yake. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha mapema milimani, na kijito kilishuka usiku mmoja kikiwa kimejaa matope. Asubuhi mchanga wote ulikuwa chini ya maji, na viota vyote tulivyovihesabu vilikuwa vimekwenda. Wahunzi waliruka juu ya maji wakilia mpaka saa nne, kisha wakanyamaza. Yule kijana wa mkokoteni alikuja, akatazama, akatuuliza, bila dhihaka, "Mwezi mzima mmepakia mchanga wangu bure. Sasa faida yake nini?"

Mwalimu alimjibu kwa kumsimulia habari iliyotokea mashariki yetu, ng'ambo ya Serengeti, nami nataka ninyi pia mwijue.

Huko liko ziwa Natron, ambalo maji yake ni ya magadi, yale yale ambayo mama zenu huyatia katika maharagwe ili yaive upesi, lakini makali kupita kiasi. Katikati ya ziwa hilo, juu ya matope, heroe wadogo, ambao wengi huwaita flamingo, hujenga vichuguu vidogo vya udongo, na juu ya kila kimoja jike hutaga yai moja tu. Ziwa Natron ndilo mahali pakubwa pa uzazi wao katika Afrika ya Mashariki yote. Magadi huwalinda, kwa sababu mbweha na fisi hawawezi kuvuka matope yale. Wala mtu hawezi. Mwaka 1954 Leslie Brown, aliyekuwa afisa wa kilimo katika Kenya, alijaribu kuyaendea kwa miguu ili avione viota. Magadi yaliingia katika viatu vyake, yakamchoma miguu, akarudi kwa shida karibu ya kufa, akalala hospitali majuma mengi.

Mwaka 1962 ziwa Natron lilifurika, na heroe hawakupata mahali pa kutaga. Wakahamia ziwa Magadi, ambalo liko karibu upande wa Kenya, wakataga huko kwa mamia ya maelfu. Lakini maji ya Magadi ni makali zaidi. Vifaranga walipoanza kutembea ndani yake, magadi yaliganda miguuni mwao, yakawa kama pingu za mawe, kila siku nzito zaidi, hata hawakuweza kwenda wala kula. Maelfu walikufa. Ndipo watu wakajitoa kuwasaidia. Miongoni mwao walikuwa Alan Root na mkewe Joan, waliokuwa wapiga picha za wanyama. Waliingia katika maji yale makali, wakawashika vifaranga mmoja mmoja, wakazigonga zile pingu polepole kwa nyundo mpaka zikapasuka, wakawaachilia. Imeandikwa kwamba vifaranga wapatao 27,000 walifunguliwa kwa mikono, na wengine wengi sana waliswagwa kuelekea kwenye maji yasiyo makali, ili magadi yasigande miguuni mwao.

"Sasa fikiri," mwalimu alimwambia yule kijana. "Pale walikuwako vifaranga wengi kupita hesabu. Mtu aliyemshika wa kwanza angaliweza kusema, Huyu mmoja ana faida gani? Na kama angalisema hivyo, asingalimfikia wa pili. Wala hakuna aliyeweza kuamuru Natron lisifurike. Walifanya sehemu iliyo ya mikono yao. Mafuriko si sehemu ya mikono yetu. Kwato na majembe ni sehemu yetu." Kijana hakujibu. Walakini kiangazi kilichofuata alikuja mwenyewe, kabla ya kuitwa, akauliza ni kona gani achote.

Wako wengine wafanyao kazi kama hiyo katika nchi nyingi. Katika bahari yetu ya Hindi viko visiwa vidogo visivyo na watu, kama Fungu Kizimkazi, ambako ndege wa bahari hutaga juu ya mchanga na mwamba mtupu. Katika Ulaya na Marekani watu hujitolea kila mwaka kukaa ufukoni na kuwaomba waogaji wawafunge mbwa wao na wapite mbali na viota. Bahari zao si Grumeti, na ndege wao si wetu, lakini shauri ni lile lile: mchanga mmoja, wenyeji wengi. Na kila mahali mlinzi hugundua kwamba kazi yake kubwa si ya kusema na ndege. Ni ya kusema na watu.

Huenda mtu akauliza tena faida. Zipo. Mhunzi na chekeamwezi hula panzi, mchwa na wadudu wengine wengi, na mkulima ajua maana yake. Tena, ndege alalaye mchangani ni kipimo cha mto: mahali mchanga ulipochimbwa wote, maji hukimbia upesi, kingo hubomoka, na visima vya wanawake hukauka. Akiondoka yeye, hatukai sana kabla ya sisi kuhangaika. Lakini nakiri kwamba si kwa faida hizo peke yake ninaketi chini ya mkuyu. Kiumbe akiyaweka mayai yake wazi njiani pangu, bila ukuta na bila mlango, ameniachia jambo la kuamua, hata kama hakujua. Naweza kupita juu yake, naweza kuzunguka. Kuzunguka ni hatua kumi tu.

Ninyi mnaosoma habari hii, pengine hamna Grumeti karibu. Lakini pako mahali penu penye mchanga, au kokoto, au nyasi fupi, na wakati wa kiangazi wako ndege watagao hapo. Mkimwona ndege akiburuta bawa lake chini na kulia, msimfuate, wala msitafute kiota. Rudini nyuma mlikotoka, mkiangalia mwekapo nyayo zenu. Mkiwa wachungaji, peleka ng'ombe kando. Mkiwa na mwenzenu alaye mayai kwa sababu ya njaa, msimpige. Gawaneni naye chakula chenu kwanza, ndipo mseme naye. Na mkiombwa kusaidia kazi isiyo na malipo, msiulize kwanza kama mna mali ya kutoa. Wazee walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na saa mbili za jioni, pamoja na kiazi kimoja, ni kitu ambacho karibu kila mtu anacho.